Siku ya Pili Baada ya Mwezi Mpevu

Kabla ya kuhesabu vidonge nilihesabu kahawa. Nilikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika kule Mkumbi. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia, kuchota kiganja cha buni kutoka kila gunia, kutandaza punje mia moja mezani na kutenga zilizotobolewa na wadudu. Mkulima alisimama mbele yangu akinitazama vidole. Nilijifunza mapema kwamba anayehesabu jasho la mtu ahesabu polepole, mbele ya macho yake, na ahesabu mara mbili.

Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori hadi mlangoni kwa mkulima, na ghala letu likabaki na popo. Nikashuka ziwani alikoolewa dada yangu, nikapata kazi ya uhudumu katika zahanati ndogo ya mwambao. Nilifagia, nilichota maji, nilichemsha vifaa, nilipima watoto uzito. Watu waliposikia nilikotoka wakaniita Karani, na jina likakaa.

Elimu yangu ni darasa la saba. Muuguzi wetu, mwanamke makini aliyekuwa peke yake mwenye cheti katika zahanati nzima, aliniazima vitabu vyake vya chuoni. Vilikuwa vya Kiingereza. Nilivisoma kwa kamusi, maneno kumi kwa siku, nikiyaandika nyuma ya makasha matupu ya dawa. Ilinichukua mwaka na nusu kumaliza kitabu cha kwanza. Sikumwambia mtu nimemaliza, ila yeye alijua, kwa sababu asubuhi moja nilikuta kitabu cha pili juu ya mizani.

Mizani ile niitaje mapema. Ilikuwa ya kusimama, ya chuma, na tangu nifike hakuna aliyeigusa ila mimi. Niliifuta, niliirudisha sifuri kila asubuhi, na mtu akiiegemea nilimwomba asogee. Nilikuwa nimepoteza mizani moja maishani, sikutaka kupoteza ya pili.

Miaka hiyo tulizika sana. Dawa za kufubaza virusi zilipofika wilayani zilianzia hospitalini Mbinga. Kwa mtu wa mwambao, awe wa upande wa Lipingo au wa Kihagara, Mbinga ni kupanda milima yote kwa lori, kulala huko, na kushuka kesho yake kama lori lipo. Mwenye nguvu aliweza mara tatu, nne. Asiye na nguvu, ambaye ndiye aliyezihitaji dawa hasa, alikwenda mara moja, kisha akakaa nyumbani.

Ndipo daktari aliyesimamia dawa hizo kule Mbinga alipoteremka na kabati la chuma. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alituweka mezani watu watatu: muuguzi, mimi, na mama mmoja mkaushaji wa usipa, dagaa wa ziwa letu, ambaye alianza dawa Mbinga mwaka mmoja kabla, akanenepa, na hakuficha. Alisema madaktari hawatoshi na hawatatosha karibuni, kwa hiyo kazi itagawanywa. Yeye ataanzisha dawa na kupokea wagonjwa waliozidiwa. Muuguzi atawaona wale waliotulia. Mimi nitapima uzito, nitahesabu vidonge vilivyobaki, nitauliza maswali matano kuhusu kikohozi, homa, vipele, macho na ganzi ya miguu, kisha nitaandika tarehe ya kurudi. Mama atawafuata majumbani wasiokuja.

"Mimi sijasoma," mama alisema.

"Wewe umemeza," daktari alijibu. "Hawa wawili wamesoma tu."

Halafu akaeleza masharti. Kliniki iwe Jumanne, kila baada ya wiki nne. Katika kliniki ya saba atakuja kukagua. Akikuta wagonjwa wamepotea au vidonge havilingani, kabati litarudi Mbinga, na wagonjwa wetu ishirini na sita watapanda mlima kama zamani. Kabati lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alimpa muuguzi, mwingine akaurudisha mfukoni mwake.

Jumanne ya kwanza walikuja wote ishirini na sita. Kila mmoja alipata kopo la vidonge sitini, viwili kwa siku, siku thelathini. Jumanne ya pili hawakuja watatu, nao wakafika keshokutwa yake. Jumanne ya tatu hawakuja tisa, na hao hawakufika hata keshokutwa.

Niliwaza kama mtu wa ghalani. Kwetu mkulima aliyepangiwa siku ya kuleta gunia na hakuleta, ameliuza kwingine. Nikachukua kalamu nyekundu, na mbele ya kila jina kati ya yale tisa nikaandika neno moja: mtoro.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, mama mkaushaji alikuja na wote tisa, wanaume saba na wanawake wawili. Aliyetangulia alikuwa mvuvi wa usipa, mtu mzima wa mvi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Karani, nimesikia umeniandika mtoro."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoro ni mtoto wa shule. Mimi nina wajukuu. Nimetoroka nikaenda wapi?"

"Tarehe yako ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita."

"Jumanne." Alimgeukia mama. "Huyu ndugu yetu wa milimani anadhani usipa wana Jumanne."

"Mwache," mama alisema. "Kwao kahawa haikimbii. Inamsubiri mtini mpaka amalize uji."

Nilimwuliza mzee kwa utaratibu: Jumanne ya kwanza ulikuja, ya pili ukaja, ya tatu kuna nini?

"Ya kwanza nilikuwa nyumbani. Mwezi ulikuwa mkubwa. Mwezi ukiwa mkubwa, karabai yangu ya nini? Usipa hawaifuati taa. Tunarudi, tunashona nyavu. Mwezi ukifa tunakwenda kambini, tunakaa huko mpaka ukue tena. Jumanne ya pili nilitoka kambini siku moja kabla ya wenzangu. Nikawaambia jino linauma. Unaona mwenyewe meno yangu yamebaki mangapi. Ya tatu ningewaambia nini? Chombo kina watu sita, nami ndiye mwenye kushika taa."

"Vidonge viliisha lini?"

"Jumamosi. Nne kavu."

Siku nne bila dawa. Muuguzi alimpima, akamsikiliza kifua, akaamua aendelee. Alimeza cha kwanza mbele yangu kwa maji ya mtungi, akasema kina uchungu uleule.

Walipoondoka nilisimama mbele ya kalenda ya kanisa iliyoning'inia juu ya mizani. Nilikuwa nikiitazama kila asubuhi. Pembeni mwa baadhi ya tarehe kuna viduara vidogo, cheusi, nusu, na cheupe, ambavyo sikuwahi kuvisoma kwa sababu mkulima wa kahawa havimhusu. Nikachukua penseli na rula. Kutoka duara jeupe hadi jingine zilikuwa siku ishirini na tisa, wakati mwingine thelathini. Kliniki yetu ilikuwa kila siku ishirini na nane. Kwa hiyo kila mara tulikuwa tukiuacha mwezi nyuma siku moja na nusu. Jumanne ya kwanza ilikuta wavuvi nyumbani, ya pili ikakuta baadhi wamo njiani, ya tatu ikawakuta wote kambini. Ya nne na ya tano zingekuwa mbaya zaidi. Wagonjwa wale hawakutukimbia. Sisi ndio tuliokuwa tukiwakimbia, kwa mwendo uleule, bila kujua.

Kisha nikaona jambo la pili. Kopo lina siku thelathini. Mwezi wa mbinguni hauzidi siku thelathini. Mgonjwa anayekuja siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kama walivyokuja leo, kila mwezi mpevu, hataishiwa hata mara moja. Mwezi wa siku ishirini na tisa utamwachia vidonge viwili, na wa thelathini vitamtosha kamili.

Nilipeleka karatasi ya hesabu hiyo kwa muuguzi. Nilipendekeza wale kumi na saba wa mashambani wabaki na Jumanne yao, na wale tisa wa ziwani wapewe siku yao.

"Amri ilisema Jumanne," alisema. "Nikifukuzwa utanilisha wewe?"

"Soma kwanza, Sista."

Alisoma. Alichukua kalenda yake mwenyewe, akahesabu kwa ncha ya kidole, akarudia. Halafu akaandika barua kwa daktari, na chini ya karatasi yangu akaweka sahihi yake.

"Saini moja inatosha," alisema nilipotaka kuweka yangu. "Likiwa kosa, ni kosa la muuguzi."

Barua ilipanda na lori la mnunuzi wa usipa. Jibu halikuja. Nilikwenda kwenye daftari, nikakata neno mtoro mara tisa, kwa rula, mstari mmoja tu ili lisomeke, nikaandika pembeni: alikuwa ziwani. Sikulifuta, kwa sababu kosa la karani likifutwa, anayefuata atalirudia.

Wale tisa walikuja mwezi mpevu uliofuata, na wa pili, na wa tatu. Tisa, tisa, tisa. Niliwaandika katika daftari dogo la shule, kwa kuwa kurasa za daftari kubwa zilikuwa na safu za Jumanne na sikutaka kuzichafua. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na nililiona siku daktari aliposhuka.

Ilikuwa Jumanne ya saba. Alifika mapema, akapokea chai, akafungua daftari kubwa. Akakuta mbele ya majina tisa nafasi tupu, kliniki ya nne, ya tano, ya sita, na hiyo ya saba ambayo nayo hawakuwepo. Alilifunga.

"Tisa kati ya ishirini na sita," alisema. "Niliwaamini. Kabati litarudi nami."

"Tulikuandikia, Daktari," muuguzi alisema.

"Sikupata barua."

Nilimpa daftari dogo. Aliligeuza kurasa, akalirudisha mezani.

"Kijidaftari mtu anaweza kukiandika jana chote. Simsemi mtu."

Sikukasirika. Hata mimi, ghalani, nisingepokea gunia kwa maneno. Mama mkaushaji alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni. Kabati likipanda Mbinga naye angepanda, na ndoo zake za usipa nani angezigeuza juani? Alikuwa akinitazama vidole, kama wakulima.

"Basi tusihesabu karatasi," nilisema. "Tuhesabu vidonge. Chagua jina lolote kati ya tisa, nami nitakuambia leo ana vidonge vingapi."

Daktari aliweka kidole juu ya jina la yule mzee wa mvi. Nilipiga hesabu mbele yake. Tangu Jumatano ile aliyomeza mbele yangu, hadi jana, siku mia na nne, vidonge mia mbili na vinane. Cha asubuhi ya leo, mia mbili na tisa. Amepokea makopo manne, vidonge mia mbili na arobaini.

"Thelathini na kimoja," nilisema. "Kama amemeza asubuhi."

"Nikikuta vingine?"

"Chukua kabati."

Daktari alivua koti jeupe.

Kambi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kando ya ziwa. Mama ndiye aliyepanga namna ya kwenda, maana daktari akionekana kambini anamtafuta mtu, hadi jioni kambi nzima itajua ni kwa nini. Alimpa mfuko wa salfeti autie kwapani. Miaka ile kila mgeni mwenye mfuko mtupu alikuwa mnunuzi kutoka milimani, na hakuna aliyejisumbua kumtazama mara mbili. Mama alitangulia. Tulikuta usipa umetandazwa kwenye vichanja, unang'aa hadi macho yanauma, na wanaume wamelala kwenye vibanda baada ya kazi yao. Tulisubiri nyuma ya matete. Mzee alikuja akijikuna, mkononi ana kopo la majani ya chai.

"Huyu ndiye mnunuzi?" alimwuliza mama.

"Ndiye."

"Mbona mikono laini hivi? Kichanja kimoja tu kitamuua."

"Shikamoo, mzee," daktari alisema.

"Marahaba, mnunuzi. Karani, umeniletea shule hadi huku?"

Nilimweleza jambo lote kwa maneno machache. Alisikiliza, akatazama kopo lake, akamtazama daktari. Nadhani alielewa upesi kuliko sisi sote kwamba wagonjwa ishirini na sita walikuwa ndani ya kopo lile. Akafungua mfuniko. Ndani ya majani ya chai kulikuwa na kichupa cha dawa kilichobanduliwa karatasi. Daktari alitandaza leso juu ya jiwe, akamimina, akahesabu tano tano. Mafungu sita. Kikabaki kimoja. Akavichanganya, akahesabu tena.

Mimi sikuhesabu. Nilitazama ziwa.

"Unameza saa ngapi?" daktari aliuliza.

"Redio ikisoma habari. Saa moja asubuhi nimetoka majini, saa moja jioni sijaingia."

"Wenzako hawakuulizi?"

"Nimewaambia ni ya presha. Sasa wawili wananiuliza na wao watapata wapi ya presha."

"Na vikiisha kabla hujarudi nyumbani?"

"Haviishi." Alisema kama mtu anayeulizwa kama jua litachomoza. "Siku ya pili baada ya mwezi mpevu niko kwa Karani. Na kidonge huwa kinabaki. Muulize yeye kwa nini, mimi ninajua kwamba kinabaki."

Daktari alinunua usipa, kwa sababu mnunuzi asiyenunua angezua maswali, na akaubeba mwenyewe begani njia nzima. Tulipokaribia zahanati aliuliza kwa nini sikuandika tarehe zile katika daftari kubwa.

"Safu zake ni za Jumanne, Daktari."

"Safu alizichora mtu, Karani. Chora nyingine."

Nilichora jioni ileile, kwa rula, nikiwa nimeketi kati yake na muuguzi. Tarehe tatu mara watu tisa. Yeye alizisoma kutoka daftari dogo, mimi nikaandika, na chini yake akaweka sahihi. Alimwambia muuguzi kwamba kabati linabaki, na kwamba atawaeleza wenzake wa zahanati nyingine za mwambao wauangalie mwezi kabla ya kupanga tarehe. Kisha akatoa ufunguo wa pili mfukoni, akauweka mezani mbele yangu. Hakutoa hotuba. Alisema kwamba kuanzia sasa muuguzi atashughulika na wagonjwa chumbani, na vidonge vitatolewa dirishani na mimi, niliyefika darasa la saba na kuchota maji.

Nimewahi kusifiwa mara chache na huwa sijui nifanye nini na uso. Nilichukua ufunguo, nikaujaribu kwenye kufuli mara mbili, ukafungua mara mbili.

Lori la daktari lilipokwisha kuondoka, mama mkaushaji alikuwa bado yupo, amesimama karibu na mizani. Hakuwa ameiegemea. Alikuwa ameweka mkono juu yake.

"Na hii?" aliuliza.

"Hii nini?"

"Kliniki ijayo wewe uko dirishani. Hii itajipima?"

"Nitawapima asubuhi kwanza, halafu nitakwenda dirishani."

"Watu ishirini na sita kila mwezi. Na watoto. Halafu uhesabu vidonge." Alimtazama muuguzi. "Sista, nilisikia kazi zinagawanywa, au zinagawanywa kwa wanaume wa milimani tu?"

Muuguzi alijiinamia kwenye daftari ili asicheke.

Nilikuwa na sababu kadhaa za kukataa, na nilizipitia moja moja nikiwa nimesimama pale. Hajui kusoma vizuri. Lakini tarakimu alizijua, kila siku alipima usipa kwa ndoo na debe. Mizani huharibika upesi. Lakini hata kabati la dawa ni zito kuliko mikono yangu, na nimepewa. Sababu iliyobaki ilikuwa kwamba mizani ni yangu, na hiyo si sababu ya kiafya.

Nikamwonyesha. Rudisha sifuri kwanza, usiamini sifuri ya jana. Avue viatu, atoe vitu mfukoni, asimame asishike ukuta. Usome ukiwa umeielekea sawasawa, si kwa pembeni. Usitaje kilo za mtu kwa sauti. Andika kwanza, kisha soma tena ulichoandika.

"Panda," aliniambia.

Nilivua viatu, nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka mezani, nikapanda. Alisogeza kipimo taratibu kwa kidole kimoja, ulimi katikati ya meno, akasubiri kitulie. Akaandika tarakimu mbili kwenye ukurasa mpya, kubwa na zilizosimama wima. Hamsini na nane. Zilikuwa sahihi.

Nikashuka, nikaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mama alisema. "Rudi, upande. Si mara mbili?"

Nikarudi nikapanda.